Kingamwili za waliochanjwa na wasiochanjwa: kipimo cha damu hakiwahesabu waliozikwa

LUBUMBASHI – Kuna hoja moja ambayo wahudumu wa chanjo katika komini za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi wameizoea. Mzazi anasema mtoto wake aliugua surua akapona, kwa hiyo kinga yake ni kali kuliko ya mtoto wa jirani aliyechomwa sindano. Mwingine anasema korona ilipita nyumbani kwake, hakuna aliyechanjwa, na wote wako hai. Hitimisho huwa lilelile: mwili una dawa yake, chanjo ya nini?

Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Wanasayansi wamepima damu za waliochanjwa na wasiochanjwa katika magonjwa mengi, yakiwemo yaliyoisumbua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa miaka mingi. Mara nyingine aliyeugua akapona hukutwa na kinga inayolingana na ya aliyechanjwa, hata kuizidi. Mara nyingine hukutwa hana kinga yoyote.

Lakini vipimo hivyo vyote vina pengo moja ambalo halionekani kwenye jedwali la matokeo. Damu huchukuliwa kwa mtu aliye hai. Aliyekufa kwa ugonjwa kabla ya kupimwa hayumo katika hesabu. Ukilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa bila kulikumbuka pengo hilo, utadhani kuugua na kuchanjwa ni njia mbili sawa za kufika mahali pamoja.

Kingamwili ni nini hasa?

Kingamwili ni protini ndogo ambazo mwili hutengeneza unapokutana na kitu kigeni, iwe ni virusi, bakteria au sumu yake. Kila kingamwili ina umbo linaloshika sehemu fulani ya adui, kama ufunguo na kufuli lake. Ikishamshika, humzuia kuingia kwenye seli au huwaonyesha askari wengine wa mwili mahali alipo.

Mtu anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, mwili huhitaji wastani wa wiki moja hadi mbili kutengeneza kingamwili za kutosha. Huanza aina iitwayo IgM, kisha hufuata IgG ambayo hudumu zaidi. Muda huo wa kusubiri ndio wa hatari, kwani katika siku hizo ugonjwa unakimbia mbele na mwili unajifunza ukiwa nyuma.

Kazi ya chanjo ni kuufundisha mwili mapema. Huonyeshwa kipande cha adui, au adui aliyedhoofishwa, ili siku adui halisi akija, mwili uwe umeshamjua. Chanjo na ugonjwa vyote viwili huzalisha kingamwili, na pia huacha seli za kumbukumbu ambazo hubaki hata kingamwili zikipungua kwenye damu. Kwa hiyo kipimo kinachoonyesha kingamwili chache hakimaanishi kila mara kwamba mtu hana kinga, kwa kuwa sehemu ya kinga imehifadhiwa kwenye seli ambazo kipimo cha kawaida hakizioni.

Korona: wengi walikuwa nazo bila kujua

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Kabla ya mwezi huo kwisha, Lubumbashi nayo iliingia hofuni. Baada ya ndege kutoka Kinshasa kuleta abiria walioshukiwa kuwa na virusi, gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, aliamuru watu wabaki nyumbani kwa saa 48 mjini Lubumbashi na katika mji wa mpakani wa Kasumbalesa. Wakati huo, uthibitisho wa vipimo ulitegemea Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia, INRB, iliyoko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa.

Kwa kuwa vipimo vya virusi vilikuwa vichache, idadi rasmi ya wagonjwa ilibaki ndogo. Ni vipimo vya kingamwili vilivyofichua ukubwa wa jambo lenyewe. Kati ya Oktoba 22 na Novemba 8, 2020, watafiti walipima watu 1,233 katika kaya za Kinshasa. Waligundua kuwa takribani asilimia 16.6 ya wakazi walikuwa na kingamwili dhidi ya virusi vya korona. Walipolinganisha na takwimu rasmi, walikadiria kwamba kwa kila mgonjwa mmoja aliyeripotiwa, watu wapatao 292 walikuwa wameambukizwa.

Mashariki mwa nchi hali ilijitokeza mapema zaidi. Katika hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, wafanyakazi 359 walipimwa katikati ya mwaka 2020. Asilimia 41.2 walikutwa na kingamwili. Wakati huo hapakuwa na chanjo ya korona popote nchini, hivyo kila kingamwili iliyoonekana ilitokana na maambukizi.

Chanjo ilipokuja, ilikuja kwa kusuasua. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilitua Kinshasa tarehe 2 Machi 2021 kupitia mpango wa COVAX. Serikali ilisitisha kuanza kutokana na wasiwasi uliokuwa umezuka Ulaya kuhusu kuganda kwa damu, na kampeni ikaanza Aprili 19. Watu waliojitokeza walikuwa wachache, na dozi zipatazo milioni 1.3 zikapelekwa katika nchi nyingine za Afrika kabla hazijaisha muda. Hadi mwisho wa mwaka 2021, hata asilimia 1 ya wananchi hawakuwa wamekamilisha chanjo.

Kusitasita huko hakukuwa kwa raia wa kawaida peke yao. Utafiti ulioongozwa na Michel Kabamba Nzaji mwaka 2020, kabla chanjo yoyote haijapatikana, uliwauliza wahudumu wa afya 613 nchini Kongo kama wangekubali kuchanjwa. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 27.7 tu. Kama muuguzi mwenyewe ana mashaka, mama aliyeketi mbele yake na mtoto mapajani atapata wapi uhakika?

Matokeo yake ni kwamba miji ya Kongo ilikuwa na umati wa watu wenye kingamwili lakini wasio na chanjo. Hali hiyo ilienea barani. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliokusanya tafiti za nchi nyingi za Afrika, ulikadiria kwamba watu wenye kingamwili za korona walipanda kutoka asilimia 3 katikati ya mwaka 2020 hadi asilimia 65 ifikapo Septemba 2021.

Maabara hutofautishaje?

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama wote wana kingamwili, mtaalamu atajuaje nani alichanjwa na nani aliugua?

Jibu liko kwenye sehemu ya virusi inayotambuliwa. Virusi vya korona vina protini ya nje inayofanana na miiba, iitwayo S, na protini ya ndani inayofunika chembe za urithi, iitwayo N. Chanjo za AstraZeneca, Pfizer, Moderna na Johnson & Johnson huufundisha mwili protini ya S peke yake. Aliyeambukizwa hukutana na virusi kizima, kwa hiyo mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya S na N pia.

Basi mtu mwenye kingamwili za S bila za N huenda alichanjwa na hajawahi kuambukizwa. Mwenye zote mbili huenda aliambukizwa, awe amechanjwa au hajachanjwa. Chanjo ya Sinovac huharibu mpango huo, kwa kuwa imetengenezwa kwa virusi kizima kilichouawa na inaweza kuleta kingamwili za aina zote mbili. Tena kingamwili za N hupungua haraka kwa baadhi ya watu, hivyo mtu anaweza kuonekana hajawahi kuugua kumbe aliugua mwaka uliopita.

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zilionyesha mambo matatu yanayojirudia. Kwanza, waliopata dozi kamili bila kuwahi kuugua walikuwa na kingamwili nyingi katika wiki za mwanzo, kisha zikashuka miezi iliyofuata. Pili, walioambukizwa bila kuchanjwa walitofautiana mno: aliyeugua sana mara nyingi alikuwa na kingamwili nyingi, aliyepata mafua tu alikuwa na chache, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Tatu, waliowahi kuambukizwa kisha wakachanjwa walipanda kuliko wote. Kwao dozi moja mara nyingi ilitosha kuleta kiwango ambacho mtu asiyewahi kuugua alikipata kwa dozi mbili.

Jambo hilo la tatu lina uzito wa pekee kwa mji kama Lubumbashi. Aliyesema "mimi nimeshaugua, sihitaji" hakukosea aliposema ana kinga. Alichokosa ni kwamba kwake chanjo ingefanya kazi nzuri kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na ingemwondolea kubahatisha kama ugonjwa wake ulimwachia kinga nyingi au haba.

Yambuku: miaka 40 baadaye

Mfano unaoonyesha wazi zaidi pengo la vipimo hivi unatoka hapa hapa nchini. Mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ulizuka ugonjwa ambao baadaye ulipewa jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua. Kati yao 280 walikufa.

Takribani miaka 40 baadaye, timu ya watafiti wa Kongo na Marekani, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilirudi kuwatafuta waliopona. Iliwapata watu 14 na kupima damu yao. Wote walikuwa bado na kingamwili zinazotambua angalau protini moja ya virusi vya Ebola, na baadhi yao walikuwa na kingamwili zenye uwezo wa kuvizima virusi hivyo maabara. Hawa ni watu ambao hawakuchanjwa. Miili yao iliikumbuka Ebola kwa miongo minne.

Mtu anayetafuta ushahidi kwamba kinga ya ugonjwa ni imara hatapata mfano bora zaidi ya huo. Lakini aliyekaa Yambuku mwaka 1976 alikuwa na nafasi chini ya moja kati ya nane ya kuishi hadi kupimwa.

Sasa linganisha na walioipata kinga kwa sindano. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, watu wapatao 300,000 walichanjwa dhidi ya Ebola. Watafiti walifuatilia 608 kati ya waliochanjwa: baada ya siku 21 asilimia 87.2 walikuwa na kingamwili, na baada ya miezi sita asilimia 95.6. Uchambuzi mwingine wa wagonjwa waliolazwa katika mlipuko huohuo ulionyesha kuwa miongoni mwa wasiochanjwa asilimia 56 walifariki. Miongoni mwa walioambukizwa licha ya kuchanjwa, waliofariki walikuwa asilimia 25.

Chanjo haikuwa ngao kamili, na takwimu hizo hazifichi jambo hilo. Hata hivyo zinaonyesha kwamba mtu aliyejifunza kabla ya adui kufika hupambana tofauti na anayejifunza vita vikiwa vimeanza.

Surua huchukua zaidi ya inachotoa

Ebola haijawa tishio la kila mwaka Haut-Katanga. Surua ndiyo inayorudi. Katanga ya zamani, kabla ya kugawanywa mwaka 2015 kuwa mikoa ya Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, ilikumbwa na mlipuko mkubwa mwaka 2010 na 2011, kisha tena mwaka 2015. Mwaka 2019 moto uliwaka nchi nzima: hadi mwanzoni mwa 2020 WHO ilikuwa imehesabu zaidi ya wagonjwa 310,000 walioshukiwa na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Surua iliua watu wengi kuliko Ebola iliyokuwa ikitangazwa kila siku wakati uleule.

Ukipima damu ya mtoto aliyepona surua na ya mtoto aliyechanjwa, mara nyingi aliyepona atakuwa na kingamwili nyingi zaidi za surua, na zitadumu maisha yake yote. Hata mama aliyeugua surua utotoni humpa mtoto wake tumboni kingamwili nyingi kuliko mama aliyechanjwa, na mtoto huyo hulindwa kwa wiki kadhaa zaidi baada ya kuzaliwa. Hapa mzazi anayesifu kinga ya ugonjwa yuko sahihi kwa vipimo.

Tatizo ni kile ambacho surua huchukua. Virusi vya surua hushambulia zile seli za kumbukumbu zinazohifadhi kinga dhidi ya magonjwa mengine. Mwaka 2019, watafiti wakiwemo Michael Mina na Stephen Elledge wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima damu za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Miezi miwili baada ya kupona, watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya virusi na bakteria wengine. Watoto waliochanjwa surua hawakupata hasara hiyo.

Kwa lugha nyepesi, mtoto huyo anapona surua lakini anarudi nyuma. Kichomi, kuhara na homa ambazo mwili wake ulikuwa umeshazizoea, sasa unakutana nazo kama mgeni. Kwa mtoto wa Uholanzi aliye karibu na hospitali na anayekula vizuri, hilo linaweza kupita. Kwa mtoto anayeishi mahali penye malaria, maji yasiyo safi na utapiamlo, ni jambo jingine.

Kongo yenyewe ina ushahidi unaoelekea huko. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014, watoto wadogo walichukuliwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, kisha yakapimwa kingamwili. Watafiti waliotumia takwimu hizo waliona kwamba watoto waliowahi kuugua surua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamepata homa katika wiki mbili kabla ya kuhojiwa, wakilinganishwa na wale ambao hawakuwahi kuugua. Kingamwili nyingi za surua kwenye damu yao zilikuwa za kweli. Homa zao pia zilikuwa za kweli.

Pepopunda: ugonjwa usiofundisha

Anayeamini kwamba kila ugonjwa huacha kinga atafakari pepopunda. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Huingia kwenye kidonda, au kwenye kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu, na kutoa sumu inayokaza misuli. Sumu hiyo ni kali kiasi kwamba kiwango kidogo sana kinaua, na kwa sababu ni kidogo hivyo, mwili haupati nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo mtu anayepona pepopunda hutoka hospitalini bila kinga ya kutegemewa, na madaktari humchanja kabla hajaenda nyumbani. Katika ugonjwa huu hakuna mashindano kati ya kinga ya chanjo na kinga ya kuugua, kwani ya pili haipo. Kingamwili za pepopunda zinazopatikana katika damu ya mtu kwa kiwango cha kumlinda hutokana na chanjo, yake mwenyewe au ya mama yake.

Hapo ndipo sindano anayochomwa mama mjamzito kliniki inapopata maana. Mama hutengeneza kingamwili, nazo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mtoto huzaliwa akiwa na ulinzi ambao hangeweza kuupata kwa njia nyingine katika siku zake za kwanza.

Polio: damu inasema ndiyo, utumbo unasema hapana

Haut-Katanga na majirani zake, Haut-Lomami na Tanganyika, wameifahamu polio kwa sura nyingine. Polio ya asili haijaonekana Kongo tangu mwaka 2011. Lakini katika maeneo ambayo watoto wengi hawachanjwi, virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya matone huweza kuzunguka kwa muda mrefu kutoka mtoto hadi mtoto, vikabadilika na kurudisha nguvu ya kupooza. Mwaka 2022 Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani na aina hiyo ya polio.

Hapa ulinganisho wa damu una mtego mwingine. Mtoto aliyepata chanjo ya polio ya sindano huwa na kingamwili nyingi kwenye damu, na hizo humlinda asipooze. Lakini sindano hiyo hujenga kinga ndogo kwenye utumbo, mahali ambapo virusi vya polio huzaliana. Mtoto huyo anaweza kubeba virusi na kuvitoa chooni bila kuugua. Chanjo ya matone, kwa kupita njia ileile ya mdomoni wanayopita virusi, hujenga kinga ya utumbo vizuri zaidi.

Ndiyo maana wahudumu hupita nyumba kwa nyumba na matone hata kwa watoto ambao kadi zao zinaonyesha wamekwisha kuchomwa sindano. Wazazi wengi huona ni kurudia jambo moja bila sababu. Sababu ipo, ila haionekani kwenye kipimo cha damu.

Kadi inaposema moja na damu nyingine

Ni haki pia kuwasikiliza wanaouliza kwa nini kuna watoto waliochanjwa na bado wakaugua. Uchunguzi ule wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba si kila mtoto aliyeandikwa kuwa amechanjwa surua alikutwa na kingamwili.

Sababu ni kadhaa. Chanjo ya surua inayotolewa katika umri wa miezi 9 huwakinga takribani watoto 85 kati ya 100. Ikitolewa katika umri wa mwaka mmoja huwakinga karibu 95. Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu na kingamwili za mama zilizobaki kwa mtoto, ambazo huizima chanjo kabla mwili haujajifunza. Hata hivyo, kusubiri hadi mwaka mmoja mahali ambapo surua inazunguka ni kuwaacha watoto wazi katika miezi yao ya hatari. Jawabu lililokubalika ni dozi mbili, ya pili ikiwakusudia wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Sababu nyingine ni baridi. Chanjo ya surua huharibika ikipata joto. Kutoka Lubumbashi hadi vituo vya afya vya Mitwaba, Pweto au Kilwa ni safari ndefu, barabara zikiwa mbovu wakati wa masika, na umeme wa kutegemewa ni nadra. Chupa iliyopoteza nguvu njiani humpa mtoto maumivu ya sindano na alama kwenye kadi, bila kingamwili. Katika hali hiyo kosa si la chanjo kama chanjo, wala si la mzazi aliyemleta mtoto wake. Ni la mnyororo uliokatika. Mpango wa Mashako, uliozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la waziri wa zamani wa afya Léonard Mashako Mamba, uliihusisha Haut-Katanga miongoni mwa mikoa ya kipaumbele ili kurekebisha mambo ya aina hiyo: usambazaji, usimamizi na vikao vya chanjo.

Nini cha kuzingatia

Mtu anapokuonyesha takwimu za kingamwili za waliochanjwa na wasiochanjwa, uliza maswali manne kabla ya kukubali au kukataa. Damu ilichukuliwa muda gani baada ya chanjo au ugonjwa? Je, waliolinganishwa wana umri na hali ya afya inayofanana? Je, kuna uhakika kwamba kundi la "waliochanjwa" halikuwa limeugua kabla? Na wangapi waliugua ili hao wachache waliopona wapatikane wa kupimwa?

Kwa mtu wa kawaida, hakuna haja ya kulipia kipimo cha kingamwili ili kuamua kama atachanjwa au atamchanja mtoto. Kwa korona, hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa kwamba ukikifikia umesalimika. Kwa magonjwa ya utotoni, kumchanja mtoto ambaye tayari ana kinga hakumdhuru, bali kumwacha asiye nayo ndiko kunakomweka hatarini.

Kwa mzazi, lililo mkononi ni kadi. Katika ratiba ya kawaida, mtoto hupata BCG na matone ya polio anapozaliwa, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na homa ya manjano akiwa na miezi 9. Kadi isipotee, na dozi iliyorukwa iulizwe kituoni badala ya kuachwa kwa kuona aibu ya kuchelewa. Mtoto aliyeugua surua bila kuchanjwa apelekwe vilevile, kwa sababu amepata kinga ya ugonjwa mmoja na huenda amepoteza ya mengine.

Kwa mhudumu wa afya, kumkubalia mzazi anaposema kweli ni mwanzo mzuri kuliko kumkaripia. Mtoto aliyepona surua ana kingamwili, naam, anazo. Kisha mzazi huyo aulizwe kama mtaani kwake, katika mlipuko ule, watoto wote walioanza kuugua pamoja na wake walipona. Mjini Lubumbashi na vijijini kuuzunguka, wengi watalijibu swali hilo kwa kutaja majina.